Chonge Chini ya Kanga

Watu wa mtaani kwetu walinisifu kwa kitu ambacho sikuwa nacho. Walisema nina haya. Jirani yetu wa nyumba ya pili, mama mmoja anayekaanga vitumbua barazani kwake kila asubuhi, alinipigia mfano kwa binti zake kila nilipopita. "Mtazameni mwenzenu," aliwaambia. "Akisema hasikiki, akicheka meno hayaonekani. Huyo ndiye mtoto wa kike aliyelelewa." Binti zake walinikata jicho. Mimi nikavuta pindo la kanga juu ya mdomo, nikajibu salamu chinichini, nikapita. Na kila nilipoivuta ile kanga, sifa zikazidi.

Kumbe mimi nilikuwa naficha jino.

Lilikuwa chonge la juu, upande wa kulia. Liliota juu kabisa, kwenye ufizi, nje ya safu, likawapanda wenzake kama mtu aliyechelewa karamuni akakosa nafasi mkekani, akaamua kukaa juu ya magoti ya watu. Nilipofunga mdomo, mdomo ulikwama juu yake ukabaki umeinuka kidogo, kwa hiyo hata nikinyamaza nilionekana kama ninayetaka kusema jambo. Shuleni hakuna kanga, tunavaa sare, basi nilizoea kuinua kitabu. Wasichana wenzangu wakaniita Ngiri. Sidhani walikuwa na ubaya. Kila mtu alikuwa na jina lake, na mmoja mwenye miguu mirefu aliitwa Korongo. Lakini Korongo akikaa kitini miguu inaingia chini ya dawati. Mimi nikiulizwa swali ninalojua jibu lake, jibu linafika kwenye meno linarudi. Mwalimu wetu akaandika kwenye ripoti kwamba mimi ni mtulivu. Baba alilisoma neno hilo kwa sauti mbele ya wageni.

Nyumbani tulikuwa Baba, ambaye anauza mchele na kunde kwa jumla hatua chache kutoka soko la Kariakoo, Mama, wadogo zangu, na Bibi, mama yake Baba. Nilikuwa nikilala chumba kimoja na Bibi. Kazi yake ni kusuka ukili wa mikeka. Anakaa chini uani tangu asubuhi, miyaa ya ukindu imelowekwa kwenye beseni pembeni yake, vidole vinakwenda huku yeye anatania watu. Bibi naye akizungumza huvuta kanga mdomoni. Nilidhani ndiye niliyemwiga, na watu walisema hivyo hivyo: "Kamfuata bibi yake, mwanamke wa haya."

Mwaka jana, kabla ya masika, chonge likaanza kunichana mdomo kwa ndani. Kidonda kinakauka, nikila kinachubuka tena. Asubuhi moja nilikunywa uji uliotiwa ndimu nikaruka mahali nilipokaa.

Bibi akaweka ukili chini. "Una nini, mke mwenzangu?" Ananiita hivyo kwa sababu marehemu babu alikuwa akiniita mke wake mdogo, na Bibi hajaacha kunionea wivu.

"Uji wa moto."

"Huo uji umepoa tangu watu wa asubuhi wametoka. Toa kanga."

Sikutoa. Akaitoa yeye, akanishika kidevu, akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba chenye harufu ya miyaa. Alitazama muda mrefu. Nilingoja utani, kwa maana kwa Bibi hupati jambo bila utani, lakini haukuja. Akairudisha kanga palepale taratibu, kama mtu anayefunika chakula, akashika ukili wake.

Jioni akamweleza Baba. Baba hakuona tatizo. "Ijumaa nikifunga duka mapema nampeleka kwa fundi. Atalichomoa, basi." Fundi ni mzee mmoja aliyekaa upande wa nyuma wa soko, karibu na wauza mkaa, aking'oa meno. Yeye ndiye aliyemtoa Baba gego, na Baba husimulia kwamba alikuwa bado anamweleza ni lipi, akasikia linalia ndani ya kopo.

Nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia sikukuu. Niliona nimeshakuwa darasani, nimeshusha kitabu, ninajibu. Kwamba pale pangebaki shimo, hilo halikunipitia akilini. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa kimya.

Siku iliyofuata nilipotoka shule na kuvua sare, Bibi akasema anataka kanga za harusi ya ndugu mmoja, nimsindikize. Duka lake ni lilelile siku zote, la Mhindi mmoja, lenye marobota mpaka darini. Siku hiyo mwenye duka alikuwa ameketi nyuma anakunywa chai, na anayetuhudumia ni binti yake, rika langu, nywele zimesukwa msuko mmoja mrefu. Bibi akaanza kuziteta kanga: hii maneno yake ya ugomvi, hii nyekundu yake itachuja ikioshwa mara ya kwanza. Yule binti akacheka. Alicheka mdomo wote, na ndani ya mdomo kukang'aa waya.

Ulipita mbele ya meno ya juu, kutoka upande huu mpaka huu.

Bibi akaniinamia. Alidhani ananong'ona. "Maskini mtoto wa watu. Wamemtia lijamu kama punda. Kafanya kosa gani?"

Yule binti kazaliwa mtaa huu huu, Kiswahili chake ni chetu. Akazidi kucheka. "Si lijamu, Bibi. Unanyoosha meno." Kisha akafanya kitu kwa ulimi, tukasikia *tak*, akatia vidole mdomoni akatoa kitu cha rangi ya waridi, kimelowa mate, akakiweka kiganjani. Kilikuwa na umbo la ndani ya kinywa, na ule waya umechomoza mbele yake.

Bibi alirudi kinyumenyume akagonga robota. "Yarabi! Katoa kaakaa!"

"Kaakaa langu lipo, tazama." Akaachama. Bibi akachungulia kweli, mkono juu ya kifua. Baba yake yule binti, kule nyuma, akasema kitu kwa Kihindi kwa sauti ya kugomba, binti akakirudisha kile kitu mdomoni kikalia *tak* tena.

Mimi sisemi na watu nisiowajua. Sijui nini kilinitoa sauti. "Kinauma?"

"Siku za mwanzo. Na kila kikikazwa. Unaona hili jino? Lilikuwa limelala huku, juu ya mwenzake." Akanitazama. "Wewe mbona unaziba? Nionyeshe."

Alisema hivyo kama mtu anayeomba kuona bangili. Nikamgeukia Bibi. Bibi alikuwa anasoma maandishi ya kanga iliyoning'inia ukutani, na Bibi hajui kusoma herufi hizo. Basi nikashusha pindo.

"Kumbe hilo tu? Langu lilikuwa baya zaidi." Nadhani alinidanganya, na nikampenda kwa hilo.

"Ijumaa linang'olewa."

"Lipi? Hilo chonge?" Akaweka kanga chini. "Usikubali! Mama yangu naye alitaka hivyo hivyo, daktari akakataa katakata. Alisema chonge ndilo linaloshikilia mdomo. Ukilitoa, uso unaingia ndani upande huo, na hakuna anayeweza kulirudisha." Akatuelekeza: tuvuke Mnazi Mmoja tuingie Uhindini, tutafute ghorofa yenye roshani ya mbao ya kijani, chini duka la saa, juu daktari. Mlangoni kuna kibao kimechorwa jino.

Tulitoka. Bibi alikuwa amenunua kanga kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Njiani alisema neno moja tu. "Kweli uso unaingia," akasema, si kwangu.

Usiku ule chakulani Bibi akamwambia Baba kwamba hatuendi kwa fundi, tunakwenda kwa daktari. Baba akaacha kula.

"Daktari gani? Mwanamume?"

"Mwanamume."

"Mama! Binti mwenye haya kama huyu, sifa yake mtaa mzima, akamwachamie mwanamume mgeni amtie mikono kinywani?"

"Kwani fundi wako wa sokoni ni mwanamke?"

Mama akainamia sahani. Baba akakohoa. "Fundi tunamjua."

"Tunajua koleo lake. Wewe ulikuwa na jino bovu, akakusaidia, Mungu amlipe. Hili la mtoto si bovu. Limekosa pa kukaa tu."

"Jino ni jino."

"Nitakuwapo," Bibi akasema. "Nitakaa hivi, macho kwa macho. Akileta mchezo, huyo daktari wako nitamng'ata kwa meno haya niliyobakiwa nayo."

Baba akacheka bila kutaka, na akishacheka huwa ameshashindwa. Lakini akaweka sharti. Twende Alhamisi, mara moja. Ikiwa huyo daktari naye atasema ling'olewe, au mambo yakishindikana, Ijumaa ni fundi, na hataki kusikia tena habari za meno mezani kwake.

Alhamisi tukavuka Mnazi Mmoja. Kulikuwa na mkutano wa hadhara wa kudai uhuru, kama ilivyokuwa mara nyingi mwaka ule, watu wamejaa mpaka barabarani na vipaza sauti vinakoroma. Ilibidi tupite pembeni, katikati ya kundi la akina mama waliokuwa wakiitikia. Sikusikia vizuri aliyekuwa akihutubia. Nilikuwa natazama midomo. Kulikuwa na mapengo, kulikuwa na mwanya, kulikuwa na meno mekundu ya tambuu, na mama mmoja mtu wa kusini mwenye meno ya mbele yaliyochongwa ncha tangu usichana wake. Wote wameachama, hakuna aliyeziba. Bibi akasimama akapiga kigelegele kimoja kirefu, na kanga yake juu ya mdomo.

Ghorofa tuliiona. Ngazini palinukia karafuu, nikashangaa, mpaka nilipojua baadaye kwamba ni mafuta wanayopaka kwenye jino linalouma. Daktari alikuwa Mhindi mwembamba wa makamo mwenye miwani, koti jeupe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanionyesha kiti kikubwa kinachopanda na kushuka kwa kukanyaga. Bibi akakaa kwenye stuli mbele yangu, macho kwa macho kama alivyoahidi.

"Fungua mdomo, mama."

Sikufungua. Nilitaka, Mungu anajua, lakini mkono ulikwenda mdomoni wenyewe, na kanga ikafuata.

"Hapana haraka," akasema, akageukia vyombo vyake, akavipangua na kuvipanga. "Haya. Sasa fungua."

Nikatikisa kichwa. Machozi yakaanza. Nilifikiria jirani yetu wa vitumbua, nilifikiria Baba akisoma neno "mtulivu," na kadiri nilivyofikiria ndivyo mkono ulivyobana. Daktari hakukasirika. Akanawa mikono, akaifuta kidole kimoja kimoja.

"Bibi, kama hataki leo, mlete siku nyingine."

Siku nyingine haikuwapo. Ilikuwapo Ijumaa tu.

Bibi akainuka. "Toka hapo, mke mwenzangu."

Nikashuka. Bibi akavua kandambili, akapanda kile kiti kwa shida, akajilaza, miguu yake ikaning'inia kama ya mtoto. "Anza na mimi, daktari. Aone kwamba mtu hafi." Akashusha kanga mpaka mabegani, akaachama.

Miaka yote niliyolala chumba kimoja na Bibi sikuwahi kuona ndani ya kinywa chake. Alikuwa na meno zaidi kuliko nilivyodhani. Upande wa kushoto, juu, palikuwa na pengo pana, na katikati ya pengo kijino kimoja kidogo, kimelika, cha manjano. Na mdomo wake upande huo ulikuwa umedidimia. Nilikuwa nimeuona hivyo siku zote nikaudhani ni uzee.

Daktari akaingiza kioo chake kidogo. Akakigeuza. Akagonga kile kijino kwa mpini wa chombo. "Bibi, hapa palikuwa na jino kubwa. Nani aliling'oa?"

"Shangazi yangu na mtu wa kijijini kwetu. Siku nilipowekwa ndani kwa harusi. Lilikuwa limetoka nje, kama la huyu. Walisema bwana harusi atashtuka."

"Na hili dogo?"

"Hilo lipo siku zote."

"Hili ni jino la utoto."

Bibi akainua kichwa. "La utoto vipi?"

"Jino la kwanza, la mtoto mdogo. Lilitakiwa kudondoka, halikudondoka, likaziba njia. Kubwa lilipokuja likakuta mlango umefungwa, likatokea juu. Wakamng'oa mwenye haki yake, wakamwacha huyu mdogo." Akakunja uso kidogo, kama mtu aliyeona kazi nzuri iliyoharibiwa. "Mambo haya hufuata ukoo wakati mwingine."

Bibi akakigusa kile kijino kwa ulimi. Kisha akaanza kucheka, mle kitini, mdomo wazi, mwili wote unatikisika. "Wajukuu ninao, nywele zimekuwa pamba, kumbe sijamaliza meno ya utoto!" Daktari naye akacheka. Bibi alicheka mpaka akafuta macho, na aliendelea kuyafuta baada ya kicheko kuisha. "Uso ukaingia upande huu," akasema. "Nikawa naziba. Watu wakasema, ana haya yule. Nikanyamaza, maana hata mume wangu alipenda kusifiwa hivyo."

Sikungoja aniambie. Alipoteremka nilipanda mimi, nikaweka mikono yote miwili chini ya mapaja, nikaachama.

Ilikuwa vilevile. Chini ya chonge langu palikuwa na kijino nilichokuwa nikikiona kila siku kwenye kioo bila kukiuliza habari zake, kidogo, cheupe kama maziwa, kimekaa kwa adabu kwenye safu. Chonge lililokuwa likinitia aibu miaka yote lilikuwa limefungiwa nje.

Daktari akachukua sanamu ya meno ya plasta kutoka kabatini akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Alisema taya la mtu si saruji. Ni mfupa ulio hai, na jino likisukumwa kidogokidogo kila siku kwa miezi mingi, mfupa unaliachia njia mbele na kuziba nyuma. Likisukumwa kwa nguvu linakufa. Waya kazi yake ni hiyo tu, kusukuma kwa upole bila kuchoka, na lile bamba la waridi, kama la binti wa dukani, ni la kushikilia waya. Kwanza kijino kitoke, nafasi ipatikane. Hapo Bibi akaingilia.

"Ni ukili," akasema.

"Nini, Bibi?"

"Ukili. Mwaa wa zamani ukiisha unautoa nje, ndipo unachomeka mpya. Usipoutoa, mpya unapanda juu, na yote inayofuata inapandana. Kosa la siku ya kwanza ya kujifunza." Akanigeukia. "Nimesuka mikeka mingapi, na kinywa changu mwenyewe sikukijua?"

Daktari alinichoma sindano ya ganzi, nikasikia mdomo unavimba na haujavimba, kisha nikasikia kitu kinapasuka mbali, kama kijiti kinachovunjwa chumba cha pili. Basi. Akanijaza kinywa uji mzito mweupe wa kuchukulia umbo la meno, nikakaa nao mpaka ukaganda, nikidhani nitatapika. Bamba lenye waya lingekuwa tayari baadaye. Alimuuliza Bibi kama naye angependa lake litolewe. Bibi akaziba mdomo haraka.

"Langu liache. Tumeshazoeana."

Kijino changu alinipa ndani ya pamba.

Tulipofika nyumbani Baba alikuwa ameshafunga duka na amesimama mlangoni. "Amelitoa?"

"Amelitoa," Bibi akajibu.

Baba akaniinamia. Mdomo wangu ulikuwa umekufa upande mmoja, sikuweza kuufunga. "Mbona lipo?"

"Katoa jingine."

"Mama! Nimewaruhusu kwa ajili ya jino bovu, mnaenda kung'oa zuri?"

Bibi akafungua pamba akamweka kijino kiganjani. Akamweleza habari yote, ya kwangu, na ya kwake pia. Ile ya kwake nadhani Baba hakuwahi kuisikia. Alikuwa anakigeuzageuza kile kijino na kumtazama mama yake usoni, upande ule wa kushoto, na hakusema tena habari ya fundi.

"Haya," Bibi akasema, "jino la utoto haliwekwi sandukuni. Linarushwa paani."

"Bibi, mimi msichana wa sekondari!"

"Na kijino cha nani hicho? Cha mwalimu wako?"

Basi nikasimama uani, nimeipa nyumba mgongo kama nilivyofanya nilipokuwa sijaanza hata chuo cha Kurani, watoto wa vyumba vyote wamekusanyika, nikamwomba panya achukue lake aniletee langu. Kwa ganzi ile maneno yalitoka nusu. Nikarusha juu ya kichwa. Likagonga ukuta. Watoto wakazomea. Nikarusha tena, likapanda, likateremka kwenye mabati *karakarakara* likanirudia miguuni. "Panya kalikataa!" mdogo wangu akapiga kelele. "Anasema limechelewa!" Bibi alikuwa ameshika nguzo kwa kicheko. Mara ya tatu likapanda likakaa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kanga imeniangukia kiunoni, nimeachama mbele ya nyumba nzima, ninacheka, na mate yananitoka upande wa ganzi.

Bamba nililivaa kuanzia masika. Siku za mwanzo nilisema "thikamoo" kwa kila mtu, na Mama alinisagia chakula kama cha mtoto mchanga. Wakati wa kula nalitoa nalifunga pindoni mwa kanga. Siku moja lilikaa humo pamoja na ubuyu, likawa jekundu. Kila linapokazwa kichwa kinauma mpaka sikioni. Ramadhani ilipoingia Baba, bila kuombwa na mtu, alikwenda kumuuliza mwalimu wa chuoni kama waya unatengua saumu. Mwalimu akamjibu kwamba waya si chakula. Baba akarudi anatembea kwa maringo kama aliyeutengeneza yeye.

Shuleni niliogopa mno siku ile ya kwanza. Korongo ndiye aliyeona, akaniomba nimwonyeshe, nikafanya *tak*. Darasa zima likapiga mayowe kama Bibi dukani. Tangu hapo mimi si Ngiri tena, ni Punda, kwa ajili ya lijamu. Jina silipendi. Lakini Punda anajibu maswali.

Chonge limeteremka. Halijafika kabisa, limekaa upande kidogo, na daktari anasema safu iliyonyooka sawasawa ingetaka vyuma vya kugandishwa jino kwa jino kama wanavyofanya ng'ambo, na yeye hana. Kwangu hapa panatosha. Mdomo unafunga, na kidonda hakijarudi.

Juzi nilikuwa barazani na wenzangu wa shule, tunacheka jambo la kipuuzi. Jirani yetu wa vitumbua akapita na beseni lake, akasimama mbele ya Bibi aliyekuwa anasuka.

"Mama, usinichukie nikikwambia. Huyu mjukuu wako ameharibika. Alikuwa mtoto wa haya. Siku hizi meno nje, utadhani anayauza."

Nilisikia mkono wangu unataka kupanda.

"Tumeyahangaikia," Bibi akasema, "sasa tunayaanika." Na akacheka. Mkono wake ulishika pindo la kanga kama siku zote, ukalipandisha mpaka kidevuni, ukasimama hapo. Kisha Bibi akajifuta nalo pua, akaliacha lianguke, akaendelea kucheka na jirani akiwa bado amesimama anamtazama mdomoni.